Mkate wa Alphonse

Saa tatu asubuhi pikipiki ya theluji ilizama katikati ya ziwa. Barafu haikupasuka, ila chini ya theluji kulikuwa na maji mazito kama uji, nayo ikakwama humo hadi usukani. Mfuko wa chakula ulizama nayo, sukari na jemu na yote. Kilichopona ni mablanketi, birika, nyama iliyokaushwa na mkate mmoja aliouweka Jonas ndani ya koti. Barabara ya malori ilikuwa mbali, mwendo wa siku mbili kwa miguu.

"Kalamu zako?" Jonas aliuliza.

Philomene alijipapasa. Kalamu zake mbili za insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, moja ya polepole na moja ya chakula, zilikuwa chini ya shati, kwenye ngozi, zisigande. "Zipo. Zina joto."

"Angalau umepata wa kulala naye, shemeji."

"Na hawakoromi kama wewe."

Kwa Wakrii, kabila lao la kaskazini mwa Kanada, shemeji asiyetaniwa hudhani amechukiwa. Walikuwa njiani kwenda kuchukua mitego ya Alphonse, kaka yake Jonas na mume wa Philomene, aliyefariki vuli iliyopita.

Walitembea hadi adhuhuri, wakawasha moto ufukoni. Philomene alipima sukari: nane. Akazungusha kalamu ya chakula hadi yuniti sita, hesabu ya kula nusu mkate, akajidunga tumboni. Jonas akampa mkate aukate.

Ukila mara ya kwanza katika ardhi ya marehemu, unamtilia kipande motoni. Cha ukubwa wa ukucha kinatosha. Lakini Philomene aliona kwenye visiki alama za shoka la Alphonse, akamtamani mpaka kifua kikauma. Akautupa mkate wote motoni.

"Philo! Ushadunga?"

"Nimeshadunga."

Jonas alitia mkono motoni.

"Usiguse! Ni wake!"

"Kaka, utanisamehe," Jonas aliuambia moshi, vidole vikiungua. "Huyu namrudisha nyumbani hata ukinuna."

Mkate ulikuwa mweusi nje, mweupe ndani. Philomene aligeuza uso. Alitafuna nyama tu, na nyama haipandishi sukari upesi kuizuia dawa ile. Nusu saa baadaye jasho lilimtoka katika baridi kali, miguu ikalegea. Kipimo, kilichopashwa moto kwapani, kilisema tatu nukta moja, chini mno.

"Kula."

"Niache kidogo, Jonas."

"Ukilala hapa hutaamka. Kula!"

Alimlisha vipande vidogo vidogo. Mkate ulikuwa na ladha ya majivu, na Philomene aliumeza huku akilia kwa sauti, akimwita mumewe. Ilichukua robo saa kabla mikono yake haijatulia.

Jioni, chini ya matawi waliyoyakata, alishika kalamu ya polepole akasita. "Hatuna cha kula. Ya nini kudunga?" Kisha akajijibu mwenyewe, kwa ukali wa muuguzi wa kijijini kwao: ya polepole haingoji chakula, mwili unaihitaji hata ukilala njaa. Aliipunguza tu, kutoka ishirini hadi kumi na sita, kama alivyofundishwa kwa siku za kazi nzito. Ya chakula hakuigusa.

Siku ya pili alasiri lori la magogo liliwasimamia. Dereva aliwapa chai na biskuti. Philomene alihesabu biskuti zake, akadunga yuniti mbili tu, akala. Vidole vya Jonas vilikuwa vimevimba malengelenge.

Lori liliondoka nao.

"Shemeji," Jonas alisema, bila utani sasa. "Pale motoni. Ulisahau kweli kwamba umeshadunga?"

Philomene alitazama misitu ikirudi nyuma dirishani, misitu ya Alphonse.

"Sikusahau," alisema.

Jonas aliitikia kwa kichwa. "Najua. Ndiyo maana jana usiku kucha sikufumba jicho."

Philomene akauchukua mkono wa Jonas ulioungua, akaupakata hadi nyumbani.