Kifungua Kinywa cha Shosho

Kila Ijumaa ya likizo, Muthoni alikula kifungua kinywa mara mbili. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha nyanya yake, ambaye wote nyumbani walimwita Shosho.

Mama yake, Betty, alikuwa na duka la nafaka mjini Eldoret. Aliondoka nyumbani kwao Langas kabla ukungu haujainuka ili akapokee magunia ya mahindi kutoka Moi's Bridge. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ijumaa hiyo, kama kawaida, alitoa amri zake akiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Muthoni, Shosho ale kwanza, kisha ameze dawa yake ya sukari. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sikio lisikie, na mkono utende."

Mlango ulipofungwa, Shosho alisukuma bakuli la uji wa wimbi na sahani ya viazi vitamu upande wa Muthoni.

"Kula, mwanangu. Mimi leo nimefunga."

Shosho na akina mama wenzake wa kanisani walikuwa wakifunga kila Ijumaa. Yeye alimwombea kitinda mimba wake, Mbuthia, aliyekuwa akiishi Turbo na kuzama katika pombe.

"Na dawa, Shosho?"

"Dawa nitameza. Daktari alisema nisiruke hata siku moja, nami si mtu wa kumkaidi daktari." Alimeza kidonge kwa maji, akapangusa midomo. "Ila mama yako asijue kuhusu kufunga. Atanifokea kama mtoto wa chekechea. Nilikupa jina langu, Muthoni. Utashindwa kunitunzia siri?"

Muthoni alitikisa kichwa. Hangeshindwa. Isitoshe, viazi vilikuwa vitamu kwelikweli.

Jua lilipochomoza sawasawa, Shosho alikaa nje kuchambua maharagwe huku Muthoni akiosha vyombo. Punde Muthoni aliona maharagwe yakidondoka chini. Mikono ya Shosho ilikuwa ikitetemeka. Jasho lilimtiririka usoni, ilhali upepo ulikuwa wa baridi.

"Shosho, unasikia joto?"

"Mbuthia," Shosho akajibu kwa ulimi mzito, "funga lango. Ng'ombe watatoka."

Hawakuwa na ng'ombe. Hawakuwa na lango. Na Muthoni hakuwa Mbuthia. Shosho akaanza kuegemea upande mmoja kama gunia lililopangwa vibaya.

"Mama Marvin!" Muthoni alipiga ukemi. "Mama Marvin, njoo!"

Jirani yao, Mildred, mama yake Marvin, alikuja mbio na mikono yenye unga. Aliuliza swali moja tu: "Si ana ugonjwa wa sukari?" Kisha akaagiza maji yaliyokorogwa sukari. Kwa bahati njema Shosho bado aliweza kumeza, akanywa kidogokidogo. Mildred akasimamisha tuktuk, wakamkimbiza kliniki, huku akimpigia Betty simu njiani.

Kliniki, muuguzi alimtoboa Shosho kidole na kupima damu. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Akatundikiwa maji yenye sukari. Betty alipofika, vumbi la mahindi likiwa bado mabegani, Shosho alikuwa amefumbua macho na kulalamikia sindano.

"Anayelalamika hafi," Betty akasema, huku akimpangusa jasho usoni.

Daktari Maurice alisimama kando ya kitanda. "Inaelekea dawa inamzidi nguvu. Nafikiria kuipunguza iwe nusu."

"Punguza, Daktari. Hata sasa hivi."

"Kwanza mfamasia wetu azungumze nanyi. Hapa hatubadilishi dawa iliyomwangusha mgonjwa bila mfamasia kuuliza maswali."

Mfamasia huyo aliitwa Musimbi. Alivuta kiti, akaketi karibu na Shosho.

"Watu husema tu, 'Dawa hii ni mbaya,'" alianza. "Lakini shida za dawa ni za aina nyingi, na kila aina ina tiba yake. Kwa hiyo mimi hujiuliza mambo manne. Je, mgonjwa anaihitaji dawa hiyo? Inamsaidia? Inamdhuru? Na je, anaitumia inavyotakiwa?"

"Kama mahindi," Betty akasema. "Yaliyolowa unayaanika, yenye wadudu unayachekecha. Ukikosea, unapoteza gunia zima."

"Barabara! Sasa, Shosho anaihitaji dawa, maana ana ugonjwa wa sukari. Inamsaidia, maana vipimo vya mwezi jana vilikuwa vizuri. Leo imemdhuru. Kwa nini leo? Alikula asubuhi?"

"Alikula," Betty akajibu bila kusita. "Uji na viazi vitamu. Mildred amekuta vyombo vitupu vikioshwa."

Shosho akafumba macho.

"Kama alikula, basi Daktari ana haki ya kupunguza," Musimbi akasema taratibu. "Ila tukikosea, sukari itapanda siku zote, na sukari iliyopanda hula macho na miguu polepole. Ndiyo maana nauliza tena: alikula?"

Muthoni alimtazama Shosho. Shosho naye alikuwa amefumbua jicho moja, akimtazama. Jicho hilo lilisema: jina langu.

"Ni mimi niliyekula," Muthoni akasema.

Wote wakamgeukia.

"Shosho amefunga. Hufunga kila Ijumaa. Anameza dawa, mimi nakula chakula chake."

"Umekula chakula cha mgonjwa?" Betty akafoka.

"Muthoni!" Shosho akalia. "Si nilikupa jina langu?"

"Ndiyo, Shosho." Machozi yalikuwa yakimdondoka. "Lakini leo uliniita Mbuthia."

Shosho alinyoosha mkono usio na sindano, akamshika Muthoni kidole.

"Msimfokee," Musimbi akasema. "Amejibu swali langu la nne. Dawa hii hushusha sukari, uwe umekula au hujala. Tumbo likiwa tupu, huweza kuishusha kupita kiasi; Ijumaa zilizopita alibahatika tu. Kipimo si kikubwa. Kilichokosekana ni chakula."

Daktari Maurice alikubali. "Basi sipunguzi. Na sisi pia tulikosea, Shosho. Tulikukanya usiruke dawa, tusikuulize kama unaruka chakula. Siku nyingine ukitaka kufunga, tuambie kwanza, tushauriane."

"Na Mbuthia wangu nitamwombeaje?"

"Kwa mdomo," Betty akasema. "Mdomo uliojaa uji. Mungu atakuelewa."

Hata Shosho akacheka.

Baadaye Betty alimtoa Muthoni nje ukumbini, akainama macho yao yakutane.

"Sitakuchapa," alisema. "Ulikosea kunificha, lakini umesema kweli ilipokuwa ngumu kusema. Sasa sikiliza. Mtu akikuomba umtunzie siri, jiulize: nikinyamaza, nani ataumia? Kama kuna atakayeumia, hata awe ni huyo mwenye siri, usiitunze. Niletee mimi, au mtu mzima mwingine unayemwamini. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na kuanzia sasa, utakuwa ukifuatana na Shosho kliniki. Akisahau kusema, wewe utasema."

Kabla Muthoni hajajibu, sauti ilipaa kutoka chumbani, yenye nguvu kuliko walivyotarajia.

"Betty! Hayo mafundisho yako yatanishibisha? Nina njaa!"

Betty alitia mkono mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Kimbia kibanda cha chakula hapo nje," alimwambia Muthoni. "Chapati na maharagwe, sahani moja. Na umpe mwenyewe mkononi."