Jina Lililoitwa Kileleni mwa Qixing

Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi Novemba, saa nane na nusu mchana, Chi-wei alipopanda juu ya jiwe kileleni mwa mlima Qixing na kuwasha kamera ya simu yake.

Chi-wei ni mchumba wa mdogo wangu. Alikuwa amenunua viatu vya kupandia theluji, apande mlima ambao mabibi wa Taipei huupanda kwa ndala, wakimenya machungwa njiani.

Mdogo wangu nyumbani tunamwita Ashan. Jina lake kamili mlimani halitajwi. La mtu yeyote halitajwi, maana ukiitwa na kitu usichokiona, ukaitika, basi umekwenda. Mimi nimesoma kemia chuo kikuu na waganga nawacheka, lakini mwiko huo siuvunji. Haunigharimu kitu.

"Chi-wei, tafadhali usi..." nikaanza kumwambia.

"LO PEI-SHAAAN! Nitakuoa!" akapaza sauti, jina zima la Ashan.

Mama mmoja mwenye kofia pana akaacha kula. "We kijana, una kichaa? Unamwita mwenzio hivyo huku juu?"

"Mama, mizimu haina mtandao. Haitaiona hii video."

Akacheka. Peke yake, kama kawaida yake.

Ukungu ukapanda kutoka bondeni, na ile harufu ya salfa ya mlima wa volkano, kama mayai yaliyooza. Tukaanza kushuka ngazi za mawe. Chi-wei mbele, mimi katikati, Ashan nyuma. Manyasi marefu meupe yametubana pande zote mbili.

"Lo Pei-shan!"

Ilikuwa sauti ya Chi-wei.

"Abee?" akaitika Ashan.

Nikamtazama Chi-wei. Alikuwa ameinua chupa, anakunywa maji.

Sauti ilitoka nyuma yetu.

Nikageuka. Ngazi tupu.

"Atakuwa anajisaidia huko," Chi-wei akasema. "Dada, mbona unapenda kukuza mambo?"

Tulimtafuta mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Shujaa wetu akaketi chini, akalia juu ya viatu vyake vizuri. "Mama yenu ataniua mimi." Mdogo wangu amepotea, na bado msiba ulikuwa wake yeye!

Jua lilikuwa linazama niliposikia mtu akitafuna.

Krap... krap... krap...

Nikapasua manyasi. Ashan alikuwa amechuchumaa, mgongo kwangu.

"Dada, karibu," akanong'ona. "Bibi ametupikia."

"Bibi gani?"

"Huyu."

Pembeni yake hapakuwa na mtu. Nyasi tu zilizolala, zikiinuka taratibu, kama pale mtu mzito anapoondoka.

Nikamgeuza uso. Mdomo ulikuwa umejaa udongo na majani. Kwenye kona ya midomo, mguu wa panzi ulikuwa bado unatikisika.

"Kasema kesho ataniita tena," Ashan akasema, akimeza. "Nikiitika, tunahamia kwake."

Askari wa hifadhi tuliyemkuta tuliposhuka naye alisema ni njaa na baridi. Chi-wei akayapokea maneno hayo kama zawadi. "Si nilikwambia, dada?" Halafu akaenda kulala kwa mama yake, simu akazima. Mume huyo!

Mimi sikulala. Nilikaa kitandani kwa Ashan nimemshika mkono. Kucha zake zilinuka salfa hata baada ya kuoga mara tatu.

Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, nilikuwa nimesimama naye nje ya ofisi ya usajili wa wakazi. Tumekuja kubadili jina lake. Huwa nawadharau sana watu wa namna hiyo. Nusu ya darasa langu walibadili majina wapate bahati, na bahati haikuwajua hata kwa hayo mapya. Lakini anayeita jina ambalo halina mwenyewe, nilijiambia, atamwita nani?

Tukaketi mbele ya dirisha. Karani, kijana mwenye usingizi, akainama kutafuta muhuri kwenye droo.

"Jina linalofutwa ni lipi?" akauliza.

Kabla sijamjibu...

"Lo Pei-shan."

Karani akainua kichwa, akatazama nyuma yetu, mlangoni. Rangi ikamtoka usoni.

Sauti ilikuwa ya Chi-wei. Chi-wei hakuja.

Ashan akavuta pumzi aitike.

Nikambana mdomo kwa kiganja. Akaniuma. Sikumwachia.

"Abee," nikaitika mimi.