Nilimfundisha Mdogo Wangu Kudaka, Akanikalisha Benchi

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane, ni dereva wa basi hapa Stockholm, na haya nayaandika moyo ukiniuma. Msinicheke kwamba mtu mzima analilia mchezo. Someni kwanza!

Besiboli nilijifunza nikiwa sekondari, Dar es Salaam. Nilipofika Uswidi nikapata timu ndogo, nikawa mdakaji wao. Mdakaji ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinga ya chuma usoni, anadaka mipira na kumpa mrushaji ishara za vidole. Kwenye basi abiria hata hawanitazami. Uwanjani watu waliniita kwa jina langu! Hapo ndipo pekee nilipojiona mtu katika nchi hii... niaminini.

Msimu ulipokwisha, kocha akasema kila nafasi ipate watu wawili, maana mwaka ule aliumia mmoja tu tukafungwa mfululizo. Akaniuliza kama namjua mtu wa akiba wa nafasi yangu. Nikajibu papo hapo: ninaye, mdogo wangu Elia!

Elia ni wangu wa tumbo moja. Alipokuja Uswidi nilimpokea mimi, akawa analala sebuleni kwangu, mtaa wa Skärholmen. "Kaka, mimi na mpira wa gongo wapi na wapi?" alisema akicheka. Nikamwambia aache uvivu, baridi ya huku ukijifungia ndani utaota ukungu.

Mwanzoni tu mwa mazoezi, nikiwa nakanda goti kwa maji ya moto, nikampa siri yangu. Goti la kulia lilikuwa limeanza kugoma, nikichuchumaa sana naona nyota. Nilimwomba asimwambie mtu, hata shemeji yake. Akaniapia!

Baridi nzima nikamfundisha. Tulitoka mazoezini kwenye ukumbi wa shule tukaendelea koridoni nyumbani, mke wangu Rehema akilalamika kwamba tutamvunjia taa. Namna ya kukaa, namna ya kusoma miguu ya mpigaji, ishara zote... sikumbakizia kitu.

Theluji ilipoyeyuka, kocha akaniita pembeni. Kwa upole akaniambia nipumzishe goti, Elia ndiye atakayeanza. Nikamuuliza, goti gani? Akashangaa. Kumbe mdogo wangu alikuwa amemweleza tangu kabla ya Krismasi, na nafasi aliiomba mwenyewe.

Jamani! Yaani siku zote zile namshika mkono kumrekebishia glavu, alikuwa ameshaniuza? Na ugali tulikuwa tunakula sahani moja?

Nyumbani sikufoka. Nilimuuliza tu kwa nini. Akainama, kisha akasema, "Kaka, wewe una mke, una kazi, una kwako. Mimi huku nina nini?" Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilikuwa na uwanja ule tu... nikaishia kuingia jikoni kuosha vyombo. Wiki hiyohiyo akahamia mtaa wa Farsta kwa rafiki yake.

Sasa wa akiba ni mimi. Nakaa benchi na jezi safi isiyo na tope. Anadaka vizuri, siwezi kusema uongo, na kila ishara anayotoa nilimfundisha mimi. Mechi ikiisha ananipita kama hanijui. Mama akipiga simu kutoka Morogoro huuliza, "Mdogo wako anakula vizuri?" Namjibu anakula, mama. Nikikata simu naingia bafuni, nafungulia maji ili Rehema asinisikie.

Ndugu zangu mlio ughaibuni, timu bila watu wa akiba haiendi, na kumfundisha mtu kazi sijutii. Lakini maumivu yako mpelekee daktari, na kocha mwambie wewe mwenyewe. Nawasihi, msimwachie siri hiyo anayesubiri nafasi yenu, hata kama mlinyonya ziwa moja! Ningemwambia kocha mimi mwenyewe, leo ningekuwa benchi vilevile... ila ningekuwa bado nina mdogo wangu.