Wasia Nyuma ya Mlango wa Kabati

Kila asubuhi Mzee Randa alifungua karakana, akafagia vumbi la mbao, akachomeka penseli sikioni. Alikuwa seremala, na mgane. Kila kitu alikiandika kwenye ubao: vipimo, majina ya wateja, hata namba zao za simu. Karatasi hakuzipenda. Karatasi zilikuwa za ofisini, na ofisini ndiko walikomzungusha miaka miwili akifuatilia mafao ya marehemu mkewe. Leo lete barua, kesho lete muhuri, keshokutwa mkubwa yuko mkutanoni.

Binti yake mkubwa alikuwa na mwaka wa tisa akifanya kazi naye katika karakana ile. Kitinda mimba alikuwa chuoni, akisomea ushauri wa fedha. Jumamosi moja alikuja na daftari.

"Baba, tumefika kwenye somo la mirathi. Mwalimu anataka kila mmoja akae na familia, aulize nani atarithi nini."

"Kumbe chuoni mnafundishwa kuzika watu wakiwa hai?"

"Kuandika wasia hakuiti kifo, baba."

"Wasia ninao. Njooni."

Akampeleka chumbani pamoja na dada yake mkubwa, akafungua kabati alilolitengeneza mwenyewe. Nyuma ya mlango palikuwa na maneno ya penseli nene: KARAKANA NA VIFAA NI VYA BINTI MKUBWA. NYUMBA NI YA WOTE WATATU.

Binti mkubwa akasogea karibu ayasome. Hakuwa amewahi kuyaona. Kaka yao, dereva wa lori, alishasema wazi kuwa baba akifumba macho, karakana ataipangisha. "Mwanamke na msumeno, wapi na wapi?" ndivyo alivyosema.

Kitinda mimba aliusoma mlango mara mbili.

"Hapa hakuna tarehe, hakuna sahihi, hakuna shahidi. Kaka akidai dada ndiye aliyeandika, nani atambishia?"

"Mwandiko wangu unajulikana mtaa mzima!"

"Kwa wateja wako, baba. Hakimu hajawahi kuagiza kitanda kwako."

Binti mkubwa akaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Basi lete karatasi. Nyie wawili mtakuwa mashahidi, yaishe."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Anayerithi asiwe shahidi. Ataambiwa amejishuhudia mwenyewe. Tafuta watu wazima wawili wasiopata chochote. Wakuone ukitia sahihi, nao watie mbele yako. Umtaje na msimamizi, mtu wa kuhakikisha uliyoyaandika yanafanyika. Halafu twende kwa mwanasheria aupitie. Mimi bado mwanafunzi, na sheria za mirathi hazifanani kwa watu wote."

"Ofisi tena! Nikakalishwe benchi tena!"

"Walikuzungusha, sikatai. Lakini fomu ya mama kazini kwake ilikuwa na jina la bibi kama mrithi, na bibi alishafariki. Hakuna aliyemwambia mama aibadilishe."

"Hakuna aliyemwambia! Sasa mshahara walipokea wa nini?"

"Ndiyo maana nasoma, baba. Na fomu yako ya chama cha mafundi, umemwandika nani?"

Mzee alikuna kichwa.

"Mama yenu," alisema.

Jumatatu alianzia kwenye chama, akaibadilisha fomu. Kisha akaenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Alikaa kwenye benchi saa tatu nzima, akiwalaani wakubwa kwa sauti ya kusikika. Wasia uliandikwa. Fundi kufuli na muuza rangi wakawa mashahidi. Nakala moja ilibaki kwa mwanasheria.

Jioni hiyo alimwita mwanawe wa kiume, akamsomea.

"Baba, ndiyo umenitupa?"

"Kwenye nyumba umo. Karakana ni ya anayeifanyia kazi. Nakwambia ningali hai, ili ubishane na mimi, usije kubishana na dada yako."

Dereva akabisha kweli, mpaka chai ikapoa. Kisha akaomba karatasi aisome mwenyewe.

"Haya, mzee. Umesema."

Siku zote binti mkubwa alikuwa akikataa kazi ndefu. Hakujua kama angekuwa bado karakanani kuzimaliza. Wiki iliyofuata walikuja watu wa shule, wakitaka madawati mia mbili, kazi ya miezi minane. Akaikubali. Mwalimu mkuu akauliza mkataba aandikishane na nani.

Mzee Randa alimnyooshea kidole binti yake, akaendelea kupiga randa.