Mstari wa Thelathini na Moja

Kila Jumatano baada ya masomo, Shamsa alibaki chumba cha kompyuta, shuleni kwao karibu na Mnazi Mmoja. Mwalimu Leodegar alikuwa akimfundisha kuingiza takwimu za upimaji wa macho.

"Mstari mmoja, mtoto mmoja," alimwelekeza. "Anza na namba ya fomu. Halafu asiyeona ubao mwekee moja, anayeona sifuri. Wenye moja watapata miwani."

"Mwalimu, si mistari ina namba tayari pale pembeni?"

"Hiyo ni ya kompyuta. Haimjui mtoto."

Shamsa aliitikia, ila aliona ni kujichosha tu. Safu ya namba za fomu akaiacha tupu.

Jumatano iliyofuata alifika amefura. Asubuhi Jovitha alimwambia mbele ya darasa, "Sogea kule bwana, unanuka dagaa wa mama yako." Darasa zima likacheka.

Fomu ya Jovitha aliikumbuka, namba thelathini na moja. Mwalimu alipotoka, Shamsa akashuka hadi mstari wa thelathini na moja. Akafuta moja, akaweka sifuri.

"Utakodoa macho mpaka ukome," alinong'ona. Alirudi nyumbani Msimbazi akitabasamu peke yake.

Miwani ikaja. Jovitha akapata. Waridi, mdogo wake Shamsa wa darasa la nne, akakosa.

Mama aliacha meza yake ya dagaa Kariakoo, akaenda shuleni. Mwalimu akamwita Shamsa, akazitandaza fomu.

"Fomu ya kumi na mbili haikuwepo, mtoto alikuwa mgonjwa," alisema. "Kuanzia hapo mistari yote ilipanda nafasi moja. Namba za fomu nilizijaza mwenyewe kabla ya kuagiza miwani. Mstari wa thelathini na moja ni fomu ya thelathini na mbili, ya Waridi. Na fomu inasema moja. Nani kaweka sifuri?"

Shamsa alilia, akasema yote.

"Nitaagiza nyingine, mama," mwalimu alisema. "Mwezi mmoja tu."

"Mwezi huo Shamsa atamnakilia mdogo wake kila kilichoandikwa ubaoni," mama alijibu, akamgeukia Shamsa. "Na kesho utamwambia Jovitha ulichomtakia." Kisha akamshika bega. "Kukosea mstari si kitu, mwanangu. Kinachonitisha ni kwamba ungelenga sawasawa, mtoto wa mwenzangu angekaa gizani, na mimi leo ningekupikia wali nikikusifia kompyuta. Hasira ina njia zake za kuisema. Usiiweke kwenye hesabu za watu."