Harufu ya Sabuni Ziwani

Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni iliadimika Babati hadi watu wakafua kwa majivu. Dorothea alikuwa amebakiza kipande kimoja tu, kakifungia sandukuni. Hakikuwa cha kufulia. Kilikuwa cha kuoshea maiti, siku nyumba itakapofiwa.

Mumewe, Remigius, karani, alikuwa ameshinda kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Jioni akachukua mshipi wake wa kuvulia, akashuka ziwani. Wengine walivua kwa njaa. Yeye alivua ili akae juu ya mwamba, asisemeshwe na mtu. Starehe nyingine zote zilikuwa na foleni.

Jua likazama. Perege hawakugusa chambo. Viboko, ambao saa hizo hukoroma kwenye matete, walikuwa kimya...

Kisha ikaja harufu.

Sabuni. Sabuni mpya!

Mzee mmoja alikuwa ameketi mwamba wa pili, shati jeupe limemganda mwilini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechoka, mwanangu?"

"Nimechoka sana."

"Lete mshipi nikushikie. Pumzika kidogo."

Wavuvi wa pale hawampi mgeni mshipi ulio majini. Husema anayeushika ameshika na roho yako. Remigius alilijua hilo. Lakini uchovu hauna adabu. Akampa. Vidole vya mzee vilikuwa vya baridi, vinateleza.

"Sabuni umeipata wapi, mzee?" akanong'ona.

"Sikuipata. Nilioshwa."

Mshipi ukavutwa... taratibu... kuelekea kilindini. Remigius alipogeuka, mwamba ulikuwa mtupu, na mkavu.

Alikimbia hadi nyumbani, Nangara. Dorothea akampokea mlangoni, akanusa, akacheka kwa furaha.

"Baba Fabiola! Umeipata kwenye foleni gani?"

Akamshika mikono. Ilikuwa ya baridi, inateleza. Kicheko kikamkauka.

Remigius akampita. Alijitupa kitandani, macho yanajifumba yenyewe.

Dorothea akaliendea sanduku. Kufuli lilikuwa mahali pake. Akafungua. Kipande kilikuwa kimelowa, kimepungua nusu, povu bado linapasuka juu yake.

Akarudi mbio, akamketisha mumewe, akamkamata mabega kwa nguvu zote.

"Usilale, Baba Fabiola. Nakuomba, usilale!"

"Kidogo tu, Mama Fabiola," akasema. Alikuwa amechoka kweli kweli... na mto ulikuwa unanukia sabuni.