Makali ya Wembe wa Mzee Kishore

Ndalahwa aliukuta wembe umelowa. Alikuwa ameuacha mkavu juu ya meza ya kazi, barazani kwake Butimba, akaingia ndani kunywa chai. Aliporudi, matone yalikuwa yakichuruzika kwenye chuma na baraza zima linanukia sabuni ya kunyolea. Akaufuta, akailaumu mvua. Mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha wiki mbili, lakini fundi akishapenda kazi haulizi maswali mengi.

Na kazi ile aliipenda. Ulikuwa wembe wa kukunja, wa zamani, ulioletwa na Mzee Kishore, mfanyabiashara wa mjini, aliyeurithi kutoka kwa babu yake. Babu huyo alikuwa kinyozi. Kutu ilikuwa imeula wembe na mpini umepasuka. Ndalahwa aling'oa misumari midogo ya shaba, akasugua chuma kwa msasa laini siku tatu, akachemsha pembe ya ng'ombe mpaka ikalainika, akaibana ikanyooka, akachonga pande mbili za mpini mpya. Zilitoka nyeusi zenye michirizi ya rangi ya maziwa, nzuri ajabu.

Mzee Kishore alikuwa amemwomba jambo moja tu.

"Fundi, makali usiyaguse. Marehemu baba aliufanya butu kwa makusudi, akaniusia ubaki hivyo hivyo. Mimi nautaka kabatini tu, ukumbusho."

"Sawa, mzee."

Sawa, kweli! Mwambie fundi wa visu akurudishie kitu butu, uone kama atapata usingizi. Ndalahwa aliunoa. Akaujaribu kwenye nywele za mkono wake, zikaanguka zenyewe. Na kwa kuwa binti yake Malimi alikuwa ametimiza siku arobaini, na nywele za kuzaliwa alikuwa nazo bado, alimwita mkewe Tereza, wakamnyoa mtoto kwa wembe ule, taratibu, bila hata mkwaruzo. Kesho yake akaupeleka kwa mwenyewe na habari ya makali hakuitaja.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, Tereza alikuwa ananyonyesha sebuleni. Malimi akaachia ziwa. Kichwa chake kikainama polepole, kikageuka upande, kama watoto wanavyogeuzwa na mtu aliyewashika kidevu. Ndipo ikasikika kwaru, kwaru, na harufu ya sabuni ikajaa chumbani.

"Baba Malimi," Tereza alinong'ona, "njoo. Kuna mtu anamnyoa mtoto."

Utosi ulikuwa umelowa, unang'aa. Ikawa hivyo kila siku, saa sita. Walihamia kwa dada yake Tereza kule Buhongwa. Saa sita ikawakuta huko huko, wakarudi Butimba.

Siku ya nne Mzee Kishore akapiga simu.

"Fundi, kabati nimelifunga kwa ufunguo. Wembe umelowa, una vinyweleo vya mtoto mchanga. Umeunoa?"

Ndalahwa alimtazama Malimi, utosi wake unang'aa.

"Umeunoa, fundi?"

"Nisamehe, mzee."

Akasikia mzee mzima analia. Ndalahwa alikwenda mbio mjini, akausaga ule ukingo kwenye jiwe mpaka ukawa mnene kama mgongo wa kisu, akarudi nyumbani anahema, anamwambia mkewe yameisha. Na kesho yake saa sita ilipofika mkono ule usioonekana ulikuja vilevile, haukukosa hata dakika, ila safari hii ulikuja na chuma butu, ukawa unakwangua na kurudia, unakwangua na kurudia, na Malimi anapiga kelele ambazo hawakujua mtoto wa umri ule anazo, na Tereza anamfunika kichwa kwa viganja vyake na viganja vinasukumwa kando kwa adabu, na damu inatoka pale utosini panapopwita, na Ndalahwa anapiga ngumi hewani ambako hakuna mtu, mpaka hesabu ya kichwa kizima ilipokamilika.

Jioni hiyo alirudi mjini akaunoa upya kwa mikono yake. Aliunoa vizuri kuliko mwanzo. Alijichukia, lakini angefanyaje?

Mganga Mihayo aliletwa kutoka Kiseke. Alifukiza ubani, akakaa na mtoto saa sita ilipofika, akizungumza kwa sauti ya chini na kitu kilichosimama nyuma ya kiti. Baadaye akavaa kandambili zake. Hata kuku aliyeandaliwa hakumtaka.

"Babu, amesema nini?" Tereza aliuliza.

"Sikiliza, mwanangu. Ni jini kinyozi. Hana ugomvi nanyi. Anasema alikaa muda mrefu bila kazi, na nyie mmempa kazi."

"Ataondoka lini?"

"Nimemwuliza mara tatu. Ananyoa tu."

Sasa Malimi ana miezi mitano. Amejifunza kujigeuza, anarusha miguu, anacheka, hatulii hata kidogo, na jirani wakimsifu kwa uchangamfu mama yake huingia ndani kulia. Kila baada ya siku mbili Ndalahwa huenda kunoa. Kila saa sita Tereza humlaza mtoto mapajani, akamshika kichwa kwa mikono miwili asitikisike, kwa sababu mtoto akitikisika ndiye atakayekatwa.

Leo kwaru kwaru ilipofika kisogoni ikasita. Vidole vya baridi, vyenye povu, vikaja juu ya vidole vya Tereza, vikavikaza.

"Mshike vizuri, mama," sauti ikasema kwa upole sikioni mwake. "Leo nashuka shingoni."